Maua ya Mikorosho ya Mzee Hassani

Msinitazame hivyo. Mwaka sabini na nne kila mtu mtaani kwetu Chikongola alikuwa mlanguzi, ila wengine walikosa akili ya kufaidika. Mimi nilikuwa na genge la unga na chumvi, na kazi yangu kubwa ilikuwa kuwasoma watu. Mama akiuliza bei ya sabuni akaondoka hajanunua, wiki ijayo ataleta kuku wake. Maduka yakikosa kitambaa, jua mafundi cherehani wana njaa. Serikali ilipanga bei yake, njaa ikapanga yake, nami niliifuata ya njaa.

Mikorosho hutoa maua kiangazi, wakati ghala la mkulima limebaki panya tu. Ndiyo maana kwetu kuna kununua maua. Unampa mtu chakula mwezi wa saba, korosho za miti yake zinakuwa zako. Zikija nyingi, zikija chache, shauri yako. Mzee Hassani wa kijiji cha Namkuku aliniuzia maua ya miti arobaini kwa madebe matatu ya mahindi. Alipoyapokea akalia. Nikamwambia, "Mzee wangu, machozi hayasongi ugali."

Mwezi wa nane, mpangaji wangu Lukasi, dreva wa lori la wilaya, akaniambia mdomo umejaa, "Mama, usiweke kitu Namkuku. Wiki mbili zijazo tunawahamisha wote, tunawapeleka kijiji kipya cha ujamaa. Nyumba zinaezuliwa."

Kutoka kijiji kipya hadi ile mikorosho ni mwendo wa saa nne, na mgambo hawataki kuona mtu anarudi. Korosho zangu zingeozea chini. Haya, nikajiuliza, nani hajapata habari hizi?

Carlota hakuwa nazo. Alikuwa mjane aliyevuka Ruvuma kukimbia vita vya Mreno, akajenga kibanda palepale Namkuku na wanawe watatu. Mali yake ilikuwa cherehani moja, na tangu uzi uadimike hakushona hata kiraka. Aliniita dada, nami nilimwacha aniite.

"Carlota," nikamwambia, "cherehani bila uzi ni chuma tu. Nipe hicho chuma, nikupe maua ya Mzee Hassani. Wanao watakula mwaka mzima."

"Mbona huyataki mwenyewe, dada?"

"Mimi niko mjini, nani ataniokotea? Wewe miti iko nyuma ya nyumba yako."

Akanishika mikono yote miwili, akaniombea kwa Mungu. Lo! Cherehani niliiuza Mikindani kabla ya Ijumaa.

Malori yakaja, watu wakapakiwa pamoja na mikeka na mitungi yao, Namkuku ikabaki kuta. Nilijua biashara ile imekwisha. Kumbe Carlota alikuwa mbishi. Aliwaacha wadogo kwa Lucinda, binti yake mkubwa, akarudi porini kwa siri, akalala kwenye nyumba isiyo na paa, akaokota. Mwezi wa kumi na moja nikasikia gengeni kwamba ana magunia sita.

Sita! Na vijiji vyote vilikuwa vimehamishwa, korosho hazipatikani, walanguzi wanalipa mara mbili ya bei ya serikali. Roho iliniuma, sifichi. Zingeoza ningetulia, lakini kuona mtu anatajirika kwa kitu nilichokitupa mimi, hapana. Nikamwendea mkubwa wa mgambo, nikamwambia kuna mtu anaishi Namkuku kinyume cha amri. Nilimwelekeza mpaka nyumba.

Wakachukua magunia manne, wakamrudisha kijijini wakimpiga fimbo njia nzima. Wakamkataza kutoka bila kibali.

Siku ya tatu nikaenda kule kuuza chumvi na, niseme kweli, kumtazama. Alikuwa amekaa mlangoni, mguu umevimba. Aliponiona akanivutia ndani.

"Dada Mwanahawa, hawakupata yote," akanong'ona. "Mawili nimeyaficha kwenye kisima kikavu, nimefunika majani. Mimi siwezi kutoka. Wewe una baiskeli, na mgambo wanakuheshimu. Moja lichukue liwe lako. Moja niletee. Watoto wana wiki ya pili wanashindia ming'oko ya kuchimba porini."

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna. Nimekuambia wewe tu."

Kesho yake nilifika kisimani jua halijapanda. Magunia yalikuwepo, makavu, mazuri. Nilikwenda safari mbili, nikayauza yote mawili kwa mlanguzi mmoja, na hata sikubishana naye bei.

Keshokutwa yake nikarudi kwa Carlota mikono mitupu. "Tumechelewa, mdogo wangu," nikasema. "Wameshaiba."

Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio, hata kwa matusi. Ningeyapenda matusi. Yeye aliitazama miguu yangu ilivyojaa vumbi.

"Umeteseka bure kwa ajili yangu, dada. Pole sana." Kisha akageuka, "Lucinda, mpe mama mkubwa chakula, ametoka mbali."

Lucinda akaleta ming'oko iliyokuwa imebaki chunguni, yote, kwenye sahani moja. Wadogo zake wakasogea wakakaa mbele yangu, wakawa wanaufuata mkono wangu kwa macho. Nikala mpaka ikaisha.