Mlango wa Bibi Marguerite

Haya aliniambia mjukuu wangu Mwatumu, Jumapili moja ya Aprili mwaka 2019, tukichambua mchicha jikoni kwake Stafford, pembeni mwa Houston. Nayaandika nisije nikasahau kushukuru.

Mwatumu alikuwa akimtunza bibi mmoja Myahudi kule Houston, jina lake Marguerite, mwenye miaka tisini na miwili. Mwezi uliotangulia Waislamu walikuwa wamepigwa risasi msikitini kule Nyuzilandi, na Oktoba kabla yake Wayahudi waliuawa ndani ya sinagogi lao, hukuhuku Marekani. Basi kila nyumba ilikuwa na hofu yake. Mjukuu wangu akienda dukani alivua hijabu ndani ya gari akavaa kofia ya sufu, na joto lote lile la Texas. Lionel, mtoto wa yule bibi, alitia makufuli matatu mlangoni kwa mama yake.

Ijumaa iliyotangulia Jumapili hiyo ilikuwa Pasaka yao Wayahudi. Wakishakula, desturi yao ni kufungua mlango wa mbele kumkaribisha Nabii Ilyasi, na kikombe chake wamemwekea mezani. Lionel akasema mwaka huu haufunguliwi.

"Basi nami siendelei," bibi akasema, akafunga kitabu chake cha sala. "Kwa umri huu, unadhani nina Pasaka ngapi za kuahirisha?"

"Mama, mtu akiingia?"

"Si ndiyo maana tunaufungua?"

Mwatumu akaona machozi yanamlenga bibi. Akasema, "Fungueni. Mimi nitakaa nje nilinde mpaka bibi amalize kusoma."

"Bibi," aliniambia, "sijui yale maneno yalitoka wapi. Mimi hata parking ya dukani naiogopa." Na hijabu ilikuwa kichwani, maana ndani ya nyumba ile huivaa bila wasiwasi.

Akatoka, akakaa kwenye ngazi. Haikupita dakika, Lionel naye huyo, kabeba kiti.

"Jirani akikuona peke yako gizani atapiga simu polisi. Akituona wawili atadhani mama katufukuza."

Mlango ukabaki wazi nyuma yao. Bibi akaanza kusoma kwa sauti yake ya kukwaruza. Mara gari likaja polepole, likasimama mbele ya nyumba, likageuka, taa zikawapiga usoni. Lionel akainuka, akasimama mbele yake, akamficha kabisa. Alikuwa akitetemeka, shati lilimcheza mgongoni. Lakini hakukimbilia ndani, wala mlango hakuufunga.

Gari likarudi lilikotoka. Pengine lilipotea njia.

Bibi hakukatisha hata neno. Alipomaliza akaita, "Haya, ingieni. Nilimwalika Nabii, sikualika mbu."

Hapo mimi niliweka mchicha chini, nikalia kidogo. Namshukuru Mungu kwa mama aliyemzaa Lionel. Kila nikiswali nawataja wote wawili. Jina la huyo mama silitamki sawasawa, lakini Mungu anaelewa.

Usiku ule wa Pasaka yule bibi ndiye aliyetangulia kulala, hata miwani hajavua. Lionel akasinzia kwenye kochi na viatu vyake. Mwatumu akaswali isha kando ya kitanda cha bibi, akasema alhamdulillahi, akairudia na kuirudia mpaka ulimi ukawa mzito, usingizi ukamchukua palepale juu ya mswala.