Raketi Kwenye Kamba ya Nguo

Veikko alipotoka uani aliikuta raketi yake ikining'inia kwenye kamba ya nguo, katikati ya magauni mawili ya kanisani, ikichuruzika maji ya sabuni.

Mama Marcelline, mwenye nyumba wake na mwenye saluni hapo Overport, Durban, alikuwa akikamua shati. Mwanamke huyu wa Bukavu hakuruhusu kitu kiingie Jumapili na uchafu. Hata jalada la Biblia alilipitishia kitambaa. Na Jumapili, yaani kesho, mpangaji wake alikuwa acheze mashindano madogo kule Sydenham, ya kwanza tangu bega limtoe kwenye tenisi ya kulipwa.

"Ilikuwa iko na vumbi, Monsieur Veikko," alisema. "Mutu haendi mbele ya batu na kitu chafu."

Hakujua kwamba nyuzi zile zilikuwa za utumbo wa ng'ombe, na utumbo haupatani na maji. Zilikuwa zimeshavimba na kuanza kuchambuka. Ndizo pekee ambazo bega lake lilizivumilia. Za nailoni zililichoma kama moto. Alipoelezwa, mama aliketi juu ya beseni lililopinduliwa, akashika kichwa.

Katika kuzunguka kwake kote duniani, Mfini huyu hakuwahi kubeba kombe. Alikuwa mtu wa raundi ya kwanza, ya pili akibahatika, kisha treni ya kwenda kupigwa mji mwingine. Kila aliyemuuliza, kwao Turku au hapa Durban, alijibiwa kwamba bega linapona. Neno kustaafu halikuwa limewahi kumtoka kinywani kwa lugha yoyote, na lugha alizijua kadhaa.

Mama alijitolea kwenda kubisha hodi kote akamwazimie raketi nyingine. Veikko akamwomba asiende. Aliingia sebuleni, akampigia simu mwandaaji, akasema hatakuja. Akaulizwa kama ameumia tena.

"Hapana," alisema. "Nimestaafu."

Mama alikuwa mlangoni, macho yamemlowa. "Nimekuharibia maisha."

"Hapana, mama." Kiswahili chake alikiokota saluni kwa mama. "Nilipoiona kwenye kamba, moyo ulitulia. Kesho nilikuwa ninaiogopa."

Veikko aliomba mkasi wa saluni. Mama akamletea. Veikko akaketi kwenye ngazi, akaanza kukata nyuzi kutoka katikati kwenda pembeni, mmoja wa kusimama, mmoja wa kulala, kama wafanyavyo wachezaji ili fremu isipinde kabla ya kufungwa nyuzi mpya. Mama akainama, akamshikia upande wa pili.