Upepo Unaotoka Chini

Mlingoti ulipokwisha kusimama na kamba zake kukazwa, fundi alipanda hadi juu, akafunga vikombe vya kupimia kasi ya upepo na mshale wa kuonyesha mwelekeo, kisha akashuka kunywa maji. Kampuni ilitaka kujua kama kilima kile kinafaa kwa mitambo ya umeme wa upepo. Vikombe vilianza kuzunguka hata chupa hajaifunga. Mshale nao ulitazama huku na huku, ukainama, ukaelekeza ncha ardhini.

Fundi alipanda tena. Skrubu zilikuwa sawa. Basi akashuka kutafuta upepo unakotokea.

Aliukuta nyuma ya kilima, ukipenya kwenye nyufa za zege lililoziba mdomo wa mgodi wa zamani. Kando yake mama mmoja alikaa kwenye kigoda, akishona kifungo cha shati.

"Hodi, mama."

"Karibu, mwanangu. Shikilia kofia, hapa hawana adabu."

"Akina nani?"

"Mume wangu na wenzake. Mgodi uliwaangukia. Tuliwasikia wakigonga, lakini wenye mgodi walisema hakuna aliye hai, wakamwaga zege. Basi wanapumua hapohapo."

Fundi alipiga magoti, akaweka kiganja kwenye ufa. Upepo ulikuwa wa vuguvugu, unanuka tumbaku.

"Huyo ndiye wangu," mama alisema. "Nilimsema kuhusu tumbaku mpaka mdomo ukaniuma."

Jioni fundi alimpigia simu meneja, akamweleza yote. Moyoni alijua kwamba mtu akishaambiwa jambo kama hilo, atatuma watu wa kuchimba.

Meneja alisikiliza vizuri. "Pole yao," alisema. "Huo upepo hupungua wakati wowote?"

"Sijui."

"Waulize."

Kesho yake fundi aliuliza. Mama aliinama kwenye ufa, akasikiliza huku akitikisa kichwa kama anayepokea salamu ndefu.

"Wanasema hawatachoka mpaka watolewe."

Fundi alifikisha maneno hayo kama yalivyo, kwa furaha, akidhani amewasaidia.

"Basi wasitolewe," meneja alisema, akamshukuru kwa kazi nzuri.

Mitambo ililetwa, ikasimikwa, ikazungushiwa uzio. Mama alihamishiwa nje ya uzio pamoja na kigoda chake, kwa usalama wake. Fundi alibaki kusimamia vipimo. Alijaribu kutafuta maneno ya kumwambia mama, akayakosa, akawa anamletea chai tu.

Tangu hapo maneno ya mume yalimfikia mama yakiwa yamekatwakatwa na mapanga ya mitambo. Aliyaunga polepole. Siku nyingine alipata nusu ya jina lake tu, akaridhika nayo.

Alasiri moja alisikiliza kwa muda mrefu, akamgeukia fundi.

"Kuna wanachouliza."

"Wanauliza nini, mama?"

"Wanasikia mngurumo juu yao. Wanataka kujua kama mmeanza kuchimba."

Fundi aliitazama mitambo. Kikombe cha chai kilikuwa kinamchoma vidole, naye hakukiweka chini.

"Niwaambie bado?" mama aliuliza.

"Waambie bado."

Mama aliweka mdomo kwenye waya za uzio, akawaambia. Kilima chote kilishusha pumzi ndefu, na mitambo ikazunguka kwa kasi ambayo haikuwahi kupimwa.