Sauti ya Thelathini na Mbili

Kinanda cha kanisa kilikuwa na sauti thelathini na mbili, na hakuna hata moja iliyozaliwa huku Kamina. Zilikuwamo ogani tatu, kengele, filimbi, fidla za kila namna, hata helikopta. Madimba, marimba ya kwetu, hayakuwamo. Na kile kitelezi kimoja kilichosogezwa ili kubadilisha sauti kilivunjika mwaka wa themanini na tisa, kikabaki kijiti kisichoshika kitu. Basi sauti zikakaa kama zilivyotoka kiwandani.

Wengine hawakuona shida. Kitwa aliiona, kwa sababu wimbo uliokuwa unakufa ni wa baba yake.

Mzee yule alikuwa mpiga madimba. Siku ya kubatizwa aliambiwa aache vibao vyake nje, maana kanuni ya kanisa lile ilisema madimba hayavuki mlango. Akaviacha. Akatunga wimbo mmoja wa kuwaaga waliokufa, akawafundisha wanawake wa kwaya, naye akafa. Wanawake wakauimba miaka ishirini juu ya ogani. Lakini ogani inavuta sauti kama mtu mwenye usingizi, na wimbo ule unataka vibao vinavyogonga na kunyamaza, na chini yake mvumo kama wa nyuki, ule unaotoka kwenye vibuyu vilivyozibwa kwa utando wa buibui. Bila hivyo waimbaji hawajui pa kuingilia. Kila mwaka wimbo uliimbwa vibaya kuliko mwaka uliopita.

Mwaka wa tisini na tano, komite ilikaa kupanga nyimbo za mkutano wa wilaya. Éliézer, mwalimu wa sekondari na karani wa kanisa, akasoma orodha. Wimbo wa mzee haukuwamo.

"Maître, umesahau moja," Kitwa alisema kutoka nyuma. Hakuwa mjumbe. Alikuja mikutanoni kwa sababu yeye ndiye aliyeshika ufunguo wa umeme.

"Sikusahau, Papa Kitwa. Njo tumeutosha kwenye orodha. Unatupatisha haya mbele ya wageni."

"Ogani njo inawapatisha haya."

"Sasa unataka tufanye nini? Tuingize madimba?"

"Nataka kinanda kiseme madimba."

Watu wakacheka. Éliézer alicheka polepole, kwa huruma, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

"Papa, kile kitu kimetengenezwa na ba-ingénieur. Weye uliishia cinquième primaire, darasa la tano. Shika waya zako za reli."

"Nitazishika. Lakini wimbo usiukate bado. Andika kwa penseli."

Éliézer akaandika kwa penseli, akaigeuza ili kila mtu aone kifutio kwenye ncha yake. "Mpaka Posho, Jumamosi ile ya mwisho kabla ya mkutano. Ukishindwa, naufuta hapa, na kwenye daftari ya kwaya pia. Hautaimbwa tena."

Kitwa alikuwa fundi wa simu za reli kwa miaka ishirini na saba. Aliendesha baiskeli kando ya njia, akipanda nguzo na kuunga waya. Elimu hakuwa nayo, ila alijua jambo moja ambalo Éliézer hakulijua: marehemu adjudant Bokungu, aliyepiga muziki katika orkestra ya kambi ya jeshi, aliacha kisanduku chenye vitelezi kumi na sita. Bokungu alikuwa akikiunga kwa waya na kinanda chake, akisogeza kitelezi huku sauti ikibadilika kule. Alikiita kontrola.

Mjane wake, Albertine, mwanamke wa Équateur, aliuza samaki wakavu mbele ya nyumba yake kambini. Kitwa akamkuta anafukuza nzi.

"Mama Adjudant, kile kisanduku cha marehemu kiko?"

"Kiko. Kinashikilia dirisha."

"Unakiuza?"

"Unajua kazi yake?"

"Kidogo."

"Minyi nayijua yote. Hakina sauti yake chenyewe, kinaamuru tu vingine. Kama Bokungu." Akatazama nyuma ya Kitwa, kwenye baiskeli. "Ile iko na tairi mupya?"

"Mama, baiskeli njo miguu yangu ya kazi."

"Na kisanduku njo mukumbusho ya bwana yangu."

"Kinashikilia dirisha."

"Kinashikilia muzuri sana."

Kitwa alirudi mjini kwa miguu, kisanduku kichwani, na kitabu cha maelekezo yake, cha Kifaransa, chenye madoa ya mafuta ya mawese, kikiwa kwapani.

Salomé, mke wake na kiongozi wa kwaya ya wanawake, alimwona kutoka mbali. Akangoja mpaka afike.

"Baba Lazare, baiskeli iko wapi?"

"Kambini."

"Itarudi lini?"

"Hairudi."

Salomé akakizunguka kile kisanduku kama mtu anayekagua mbuzi sokoni. "Muzuri," akasema. "Kisiposema, utakipanda uende nacho kazini."

Kamba ya kuunganishia haikuwako, basi Kitwa akaitengeneza mwenyewe kwa waya wa simu. Plagi yake ilikuwa na pini tano, zinazofanya kazi tatu tu. Kichwa kimoja akakichomeka panapotoka maneno ya kisanduku, cha pili panapoingia maneno ya kinanda. Hayo yalikuwa mepesi. Ugumu ulikuwa kukifundisha kila kitelezi kitu cha kusema.

Ndani ya kifuniko cha kasha la kinanda palibandikwa jedwali la namba. Kitwa alilisoma siku mbili mpaka likamfungukia, na lilipofunguka akaona ni simu ya reli. Kwenye reli waya ni mmoja na vituo ni vingi. Ukizungusha mkono wa simu, kengele inalia vituo vyote, lakini kila kituo kina mlio wake, na asiyeitwa hainui simu. Hapa pia. Namba ya kwanza inaamsha waya. Inayofuata inataja kiwanda, ya tatu inataja kituo. Ya nne inasema kazi gani, ya tano kiasi gani, ya mwisho inafunga mdomo. Ukikosea moja, kinanda kinakaa kimya kama kituo kisichoitwa.

Namba zenyewe, za kiwanda cha Japani, zilikuwa za ajabu. Baada ya tisa zilikuja A, B, C, mpaka F.

"Hao Bajapone beko na vidole kumi na sita?" Salomé aliuliza.

"Labda. Mradi wamehesabu sawa."

Kila Posho, umeme ukiwapo, alikwenda kanisani mchana akaandika mstari wa namba kwa kila kitelezi, kumi na sita, akibonyeza kwa kidole kimoja. Kisha akagonga ufunguo wa kinanda na kusogeza kitelezi. Ogani ikabaki ogani. Posho tatu, ogani ikabaki ogani. Alikagua waya, akauunga upya, akaandika mistari yote tena. Éliézer akipita dirishani alikuwa akiuliza, "Fundi, kimeitika?"

Ilikuwa imebaki Posho moja. Alhamisi akatumwa kukagua simu kwenye njia ya Kabalo, akaenda kwa miguu kwa kuwa hakuwa na namna nyingine. Mtu wa baiskeli hutazama shimo lililo mbele yake. Mtu wa miguu hutazama kila kitu. Pale njia ya Kabalo inapoanzia palikuwa na jiwe la kwanza la kilomita. Kitwa alikuwa amelipita mara elfu. Safari hii akasimama. Jiwe la kwanza halikuandikwa moja. Liliandikwa sifuri. Moja liko mbele, mwendo wa kilomita nzima.

Kinanda, kwenye kidirisha chake, kilisema kiko kituo cha kwanza. Kitwa akakiita moja. Lakini kama waliotengeneza kinanda walihesabu kama waliojenga reli, kituo cha kwanza ni sifuri, na wiki tatu nzima alikuwa akimpigia simu jirani.

Alitukana kwa Kiluba, peke yake, halafu akaenda kukagua simu, kwa sababu kazi ni kazi.

Posho asubuhi alibadilisha namba moja kwenye mistari kumi na sita. Salomé akagonga ufunguo. Kitwa akasogeza kitelezi cha kwanza, na ogani ikakatika shingo.

"Nini hiyo?" Salomé aliuliza.

"Gonga tena."

Wakafanya kazi mpaka saa nane. Kitelezi cha kwanza kilifupisha sauti, ikawa inagonga na kunyamaza. Cha tatu kilipunguza ung'aavu wa chuma. Ikawa ni ubao, lakini ubao mkavu, kama mtu anayepasua kuni. Salomé alifumba macho.

"Hakuna nyuki," alisema.

Kitwa akakumbuka kwamba kinanda kilikuwa na sauti mbili chini ya kila ufunguo. Akaipotosha ya pili kidogo, kisha kwa kitelezi cha saba akaifanya iikwaruze ya kwanza. Ikalia kama redio mbovu. Akarudisha nyuma unywele mmoja.

"Kidogo tena. Hapana, umepita. Hapo. Baba Lazare, toa mkono hapo."

Kitwa akatoa mkono. Akakaa, akanyoosha vidole viwili vya shahada vikakauka kama vijiti, maana hakujua kupiga kinanda namna nyingine, akagonga mwanzo wa wimbo wa baba yake. Salomé akaingia palepale pa kuingilia, bila kutafuta.

Éliézer alikuwa amesimama mlangoni. Alisikiliza mpaka mwisho, kofia mkononi, na kwa muda kidogo uso wake ulikuwa uso wa mtu wa kijijini kwao. Kisha akavaa kofia.

"Njo madimba kabisa," alisema. "Sikutegemea."

"Basi andika kwa wino."

"Hapana, Papa. Njo madimba, kwa hiyo haiingii. Kanuni iko wazi."

"Kanuni ya mbao. Nionyeshe ubao mmoja hapa."

"Usinichezee. Walikataza mbao kwa ajili ya sauti." Akatazama vitelezi. "Na umeme ukikatika?"

Kitwa hakuzoea kudanganya. "Inafutika. Bado sijaiandika ndani."

"Basi usiiandike," Éliézer alisema. Akatoa orodha mfukoni, akaufuta wimbo mbele yao, akapuliza unga wa kifutio, akaenda kuufuta kwenye daftari ya kwaya.

Salomé alifunga mlango. "Kuiandika ndani inafanywaje?"

"Nafasi zimejaa. Lazima tuue sauti moja."

"Tumuue nani?"

"Ogani ya kwanza?"

"Bwana weye, acha roho mbaya. Bibi wanaipenda. Kuna helikopta."

"Ni kweli," Kitwa alisema. "Kamina tuko na helikopta za jeshi za kutosha."

Akafungua swichi ya kufuli nyuma ya kinanda, akabonyeza kitufe cha kuandika, kisha tatu, kisha mbili, namba ya helikopta. Akazima kinanda, akakiwasha, akaita thelathini na mbili. Nyuki walikuwamo.

Siku ya mkutano wageni walikuja kwa treni kutoka Luena na Bukama, na kanisa likajaa mpaka nje. Nyimbo za orodha zikaisha. Mchungaji alikuwa akifungua Biblia wakati Salomé aliposimama, bila kuitwa, na wanawake kumi na wanane wakasimama nyuma yake. Kitwa akatoka kwenye benchi lake la nyuma, akakaa kwenye kinanda, akanyoosha vidole vyake viwili.

Alipogonga mara ya kwanza vichwa vilielekea mlangoni, kutafuta nani ameleta madimba. Kisha vikarudi mbele. Wanawake wakaingia wote pamoja.

Katika ubeti wa pili Éliézer aliinuka. Hakukimbia. Alitembea kando ya ukuta mpaka kwenye soketi, akang'oa plagi, akakunja mikono. Alijua kwamba kisichoandikwa hufutika, na alikuwa amekataza kisiandikwe.

Kinanda kikafa. Wanawake hawakunyamaza. Wimbo ulikuwa umewaingia miguuni, wakaendelea wenyewe, na vibibi vya Bukama vikaanza kupiga viganja kwenye mabenchi pale vibao vilipokuwa vikigonga. Kitwa akaenda kwenye soketi.

"Sogea, Maître."

"Umeshapoteza, Papa. Keti."

"Sogea, au nitakusogeza mbele ya wageni."

Éliézer akasogea hatua moja, kwa sababu hakuona hatari tena. Kitwa akachomeka plagi, akarudi kwenye kiti, akangoja kidirisha kiwake, akabonyeza tatu, akabonyeza mbili, akaingia kwenye ubeti wa tatu kama mtu aliyetoka nje kutema mate tu. Éliézer aliushika waya tena.

"Maître," mchungaji alisema kutoka mimbarani, bila kuinua sauti. "Kaa. Wafu wetu wanaagwa."

Wimbo ukaisha wote. Mchungaji akauandika mwenyewe kwenye daftari ya kwaya, kwa wino, na tangu siku ile unaimbwa kila mazishi. Halafu Jumatatu komite ikakaa, kwa sababu kanuni ni kanuni, na mchungaji hakuipinga.

Kitwa alilipa hivi. Baiskeli moja yenye tairi jipya, na kilomita kumi na nne za miguu kila siku ya kazi mpaka alipostaafu. Ufunguo wa umeme wa kanisa, alioushika miaka kumi na mmoja. Meza ya Bwana, miezi sita, akikaa nje ya mstari huku wengine wakienda mbele. Salomé alivuliwa uongozi wa kwaya, akawa mwimbaji wa safu ya pili. Na Éliézer, aliyesimamia ndoa yao, hakuwasalimu tena.

Wimbo mmoja, sauti moja. Hiyo ndiyo ilikuwa bei yake, na ililipwa yote.