Kuku wa Martha

Firigisi ilikuwa juu kabisa ya wali, imekaangwa mpaka kingo zikakauka, na kaka yangu Clement aliileta mwenyewe, mikono miwili, mbele ya wageni wote.

"Dada, leo hii ni yako," alisema.

Nyumbani kwetu firigisi ni ya baba mwenye nyumba. Sikuwahi kumwona baba yetu akimwachia mtu, hata siku alizoumwa meno. Wageni walipiga makofi, nami nikapokea na kushukuru. Halafu nikatupa jicho kwenye kona ya ua, penye nguzo ya kamba ya nguo, ambako nilikuwa nimemfunga kuku wangu. Kipande cha kamba kilikuwepo. Kuku hayupo.

Nilikuwa nimetoka naye Mitundu, kichwa chake nje ya kikapu, tukibadilisha magari Itigi na Manyoni mpaka Singida Mjini, na njia nzima alikuwa mtulivu kuliko abiria wengi. Alikuwa kishingo mwekundu, shingo tupu isiyo na unyoya hata mmoja. Mzuri hakuwa. Lakini bibi yake na bibi wa bibi yake walikuwa hivyohivyo, maana wote walitoka kwa mtetea mmoja ambaye mama alinipa siku ninaolewa.

"Huyu si wako," mama aliniambia siku hiyo. "Ni wa mtoto wako wa kwanza. Akianza kutembea, mwonyeshe, mwambie hii ndiyo mali yake ya kuanzia."

Ndivyo alivyotufanyia sisi. Clement alipata mbuzi wake wa kwanza kwa vifaranga vya kuku wake, na hadi leo hachoki kuisimulia habari hiyo. Basi na mimi nikamtunza mtetea wa mwanangu. Akataga, akaatamia, akazeeka. Binti yake akashika nafasi, kisha mjukuu, kisha kitukuu. Uzao wa kuku ulikwenda mbele, mimi nikabaki palepale nikiwamwagia mtama. Mume wangu Antipasi alipochoka kusubiri alikwenda kusubiri kwa mwanamke mwingine, na huko hakusubiri sana. Watoto wake huwa wananiamkia njiani. Wana adabu nzuri.

Kisha ukaja mdondo, ugonjwa ule unaofagia mabanda ya kijiji kizima, ukaniachia kishingo mmoja tu. Nilikaa kwenye kigoda nikimwangalia akichakura peke yake, nikakata shauri. Binti wa Clement amerithi jina la mama yetu, Martha, kwa hiyo mimi humwita mama, na alikuwa anatimiza miaka sita. Kuku angekuwa wake. Kumpa kulikuwa ni kusema kwa sauti jambo ambalo sikuwa nimemwambia mtu yeyote, kwamba sisubiri tena.

Wifi yangu Catherine alinipokea mlangoni huku unga wa maandazi umemjaa mpaka viwikoni. Alipoona kikapu akapiga kigelegele.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone! Wifi, umetuokoa. Watu wameongezeka."

Nilicheka naye. Sikutaka kueleza pale mlangoni, miguu imenivimba na vumbi liko kooni. Nilitaka niseme mara moja tu, wakati wa zawadi, mtoto mwenyewe ameshika kamba. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, basi nikamfunga, nikaenda kuoga.

Na niseme ukweli, nilifurahi siku ile. Nilipuliza maputo mpaka mashavu yakauma. Watoto walijaa uani, muziki ukafunguliwa, nikacheza nao katikati, shangazi mtu mzima na kitenge kimenilegea kiunoni, Martha akinivuta mkono nisikae. Keki ilipokatwa alimlisha mama yake, akamlisha baba yake, kisha akaja kwangu kabla ya kuitwa na mtu, akanipaka krimu hadi puani. Walipommwagia maji ya kuzaliwa, ndoo nzima, alikimbilia kwangu na kujificha ndani ya kitenge changu. Nililowa. Nilimshika pale, moyo wake unadunda tumboni mwangu, na sikuwa na haraka ya kumwachia.

Wakati huohuo, nyuma ya nyumba, alikuwa ameitwa jirani Mwislamu achinje, ili wageni wote wale bila wasiwasi. Wifi alikuwa na kuku wake, akaona hawatatosha, akasema mchukueni na yule wa wifi. Sasa angefanya nini? Kwetu Singida mgeni akiingia na kuku mkononi, kuku huyo ni wa chungu, na kumwacha hai ni kama kumwambia mgeni kwamba alicholeta hakifai. Ningekuwa mimi, ningemchinja mapema zaidi.

Nikatafuna firigisi. Ilikuwa tamu, na utamu ule ndio ulioniumiza kupita yote.

"Wifi, mbona kimya? Chumvi imezidi?" Catherine aliuliza.

"Hapana, wifi. Imekolea vizuri."

Ningesema nini? Ningetamka neno moja, machozi yangetoka, na mwanamke asiye na mtoto akilia kwenye sherehe ya mtoto wa mwenzake, kila mtu anajidai anajua analilia nini. Muziki ungezimwa. Martha angekumbuka siku yake ya kuzaliwa kwa kilio changu. Nilimeza, nikajilamba vidole kama inavyompasa mtu aliyeheshimiwa.

Ndipo Martha akaja, gauni bado linachuruzika, viganja ameviunga kama anabeba maji.

"Shangazi, ona! Lilikuwa tumboni mwa kuku wako. Mama Gasto wa jikoni kanipa."

Lilikuwa yai, dogo, gamba lake limeshakuwa gumu. Kuku alibakiza muda mfupi tu alitage.

"Litatoa kifaranga?" aliuliza.

"Likipata wa kuliatamia, mama."

"Basi nenda nalo kwako. Kikitoka ni changu."

"Ni chako," nikamwambia.

Hivyo ndivyo nilivyotoa zawadi yangu, na hakuna aliyepiga makofi.

Nilirudi Mitundu na lile yai kifuani, limefungwa kwenye kanga. Jirani alikuwa na kuku anayeanza kuatamia, tukalichomeka katikati ya mayai yake. Siku zilipotimia vifaranga vya jirani vilitoka vyote. Langu nililitikisa sikioni, nikasikia maji yakicheza ndani. Lilikuwa viza. Nikalifukia nyuma ya banda, nikanawa mikono, nikaingia ndani na kulala mchana kweupe.

Jumapili iliyofuata simu ya Clement ikaita, lakini sauti haikuwa yake.

"Shangazi, shikamoo. Kametoka?"

"Marahaba, mama." Nikatazama lile banda tupu. "Bado anaatamia."

Akaniuliza tena Jumapili nyingine, na nyingine. Baada ya kanisa huchukua simu ya baba yake, ananiamkia, anauliza, ninamjibu, kisha ananisimulia ya wiki nzima: nani kagombana na nani, jino lipi limetoka. Sasa ni mwaka wa pili. Jumapili bila simu ile sijui ningeipitishaje.

Jumapili iliyopita aliniamkia, lakini hakuuliza.

"Shangazi, mwalimu katufundisha. Kuku anaatamia wiki tatu tu."

Upande wa pili nilimsikia Catherine akiosha vyombo, sufuria zikigongana.

"Huyu wetu anachelewa, eti?" Martha akasema.

"Anachelewa, mama."

"Basi tusimsumbue. Nitauliza tena Jumapili."