Maziwa ya Fundi wa Rangi

Boneti ya Peugeot haingoji mtu akohoe. Ukikata rangi katikati, mstari unabaki pale, na mwenye gari akiuona juani anamwita mwenye gereji, na mwenye gereji anakuita wewe. Kwa hiyo Maroa alikibana kikohozi. Aliusogeza mkono kutoka taa ya kushoto mpaka taa ya kulia, mwendo mmoja, bunduki ya rangi ikifoka hewa ya kompresa, akashuka kidogo, akaenda tena.

Banda lilikuwa la mabati matupu. Dirisha lake moja lilizibwa kwa gunia ili vumbi la barabara ya Suna lisiingie, na mlango ulifungwa kwa nje kwa waya kwa sababu hiyo hiyo. Sakafu ilimwagiwa maji. Rangi iliyokosa bati ilielea hewani, ukungu mwekundu, ikamwingia machoni, ikalala juu ya vinyweleo vya mikono. Puani alikuwa amefunga kipande cha fulana. Kwa nje kilikuwa chekundu. Alipokifungua, na ndani kilikuwa chekundu vilevile.

Aligonga mlango kwa kiwiko. "Mzee, nifungulie."

Waya ukazungushwa. Onyancha, mwenye gereji, aliingiza kichwa, akaiangalia boneti kabla ya kumwangalia mtu. Akainama kuifuata rangi kwa jicho moja. Hapakuwa na mstari.

"Sasa hiyo ndiyo kazi," alisema, akatoa mfukoni pakiti ya maziwa, ile ya pembe tatu. "Kunywa yote. Inaosha kifua."

Maroa aling'ata pembe ya pakiti akanywa akiwa amesimama juani, machozi yakimtoka. Mafundi wote wa rangi aliowahi kufanya nao kazi, Kisii na hapa Migori, walikunywa. Maziwa yalikuwa sehemu ya kazi kama msasa. Mwenye gereji asiyetoa maziwa alisemwa mji mzima, na Onyancha hakupenda kusemwa.

Jioni kifua kilifunga, kama kilivyokuwa kikifunga tangu masika. Hewa iliingia kwa mluzi, ikagoma kutoka. Mkewe, Damaris, aliketi kwenye kigoda karibu na mlango wa chumba chao cha kupanga, mtoto mgongoni, akimsikiliza. Mwanzoni alikuwa akimchemshia maji ya tangawizi. Siku hizi alisikiliza tu.

"Baba Werema," alisema, "mama wa pale bombani ananiuliza kama umeenda hospitali."

"Inamhusu nini?"

"Anasema bwana yake alianza hivyo hivyo."

Bwana wa mama wa bombani alikuwa amezikwa. Hakuna aliyeutaja ugonjwa ule kwa jina. Watu walisema mtu ameanza hivyo hivyo, wengine wakasema ni chira, ameguswa na mwiko, kisha Jumamosi wakaenda matangani.

"Kule Masara," Damaris akasema, "mlipoenda kupiga rangi pikapu za watu wa dhahabu. Mlilala wapi?"

"Ndani ya pikapu."

"Na nani?"

"Na Elvis! Nilale na nani?"

Damaris alimshusha mtoto, akamtandikia upande wa ukuta, naye akalala katikati yao, mgongo ukimwelekea mumewe.

Kesho yake gerejini Maroa alikuta kikombe chake kimetengwa juu ya pipa la oili, peke yake. Vingine vilikuwa palepale msumarini.

"Nani ametoa kikombe yangu?"

"Sijui, mura," alisema Elvis, fundi wa kunyoosha bodi, bila kuinua macho kutoka kwa nyundo. "Labda imejitembelea."

Mafundi wakacheka. Maroa akawatazama mmoja mmoja, na kila aliyetazamwa alikumbuka kazi yake.

Ndipo akaanza kuchunguza. Akiwa bandani aliungua macho na koo, basi. Kifua hakikufunga pale. Kilifunga baadaye, baada ya maziwa. Jumapili hakukuwa na maziwa, na Jumapili alipumua. Alipokwenda kwao Ntimaru kumzika baba yake mkubwa, alikunywa maziwa ya ng'ombe wa nyumbani asubuhi na jioni, akabeba mawe ya kaburi na hakukohoa hata mara moja. Kwa hiyo si maziwa. Ni maziwa haya. Yalitoka mfukoni mwa Onyancha, pembe yake mara nyingine ikiwa imelowa. Sindano ndogo tu inatosha kutoboa pakiti. Na Onyancha ana mpwa wake kule Kisii anayejifunza kupiga rangi, na mpwa huyo kila akija hapa husimama sana mlangoni mwa banda, akiangalia mkono wa Maroa.

Kuanzia siku ile akawa anaipeleka pakiti nyuma ya banda na kuimwaga kwenye shimo la oili chafu. Kifua kiliendelea kufunga. Sumu ya zamani bado iko ndani, alijiambia. Itatoka.

Onyancha aliyaona maziwa yakielea juu ya oili nyeusi.

"Nani anamwaga mali yangu?"

Nyundo ilinyamaza.

"Ni mimi, Mzee."

"Kwa nini?"

"Tumbo inakataa."

"Tumbo!" Onyancha akawageukia wengine. "Mnasikia? Mimi nanunua maziwa, mtoto wangu hapati, huyu anapata, anamwaga. Ama unafikiria nakuloga?"

"Nipe maski, Mzee. Ile ya mikebe miwili. Niliona nayo fundi mmoja wa Kisumu."

"Maski iko Nairobi. Maziwa iko hapa." Akainua sauti. "Elvis, umeona? Nyinyi wote mmeona. Maziwa imetolewa, mtu amekataa mwenyewe. Kesho mtu asije kuniambia kitu."

Maroa alivuka barabara mpaka dukani kwa Sainab, kule pakiti zilikonunuliwa. Sainab alikuwa akipima sukari. Jamaa zake walitoka mbali kuja kufanya biashara Migori, na yeye alizaliwa nyuma ya duka hilohilo.

"Mama, hii maziwa ya gereji, nani anaishika kabla ya Mzee?"

"Mimi. Kwani?"

"Na nani mwingine?"

"Fundi, unaniuliza kama askari. Sema unachotaka."

Macho ya Maroa yalikuwa kwenye kreti ya maziwa. Sainab akamtazama, akaweka kijiko chini, akavuta kreti. "Chagua mwenyewe."

Maroa akachagua moja. Akaigeuza mbele ya mwanga wa mlango, akaikamua kidogo akitafuta tundu. Sainab akamnyang'anya, akaing'ata, akanywa nusu, akapangusa mdomo kwa ncha ya mtandio.

"Haya, nimekunywa. Tungoje nife?"

Mwanamke aliyekuja kununua mafuta taa akaangua kicheko. Maroa hakucheka. Alisimama palepale akimwangalia Sainab kooni.

"Mimi nakaa hapa mchana kutwa," Sainab akasema, sasa bila mzaha. "Siku unapiga trela ile rangi ya zamani, unapita unanisalimia vizuri. Siku wanatoa ile chupa ya brandi, unapita umeshika ukuta. Na maziwa unapewa siku zote mbili. Maziwa inaenda tumboni, fundi. Rangi inaenda wapi?"

Chupa ya brandi ilikuwa ya hadina, dawa inayochanganywa na rangi mpya ili igande upesi na kung'aa kama kioo. Ilitoka stoo ya Onyancha ikiwa tayari imemiminwa humo, karatasi ya chupa imebanduliwa. Maroa alikuwa ameishika kwa miezi mingi na hakuwahi kuiuliza swali hata moja. Maziwa aliyauliza, pakiti, mpwa wa Kisii, Sainab. Chupa aliiamini.

Alimkuta Elvis peke yake chini ya lori.

"Wewe ndiye unabeba mikebe kutoka stesheni. Hadina inakuja ndani ya nini?"

"Kwa mkebe yake."

"Mkebe iko na nini?"

Elvis alichungulia langoni kwanza. "Iko na picha ya kichwa. Kichwa imefunikwa pua na mdomo. Na maandishi nyekundu, mingi. Mzee alisema usionyeshwe, utaogopa kazi." Akarudi chini ya lori. "Lakini mimi sijasema kitu, omera."

"Na kikombe yangu?"

"Hiyo pia ni Mzee. Alituambia uko na ile kitu."

Maroa alikwenda kwa ofisa wa kukagua sehemu za kazi. Alingoja kwenye benchi tangu asubuhi mpaka benchi ikabaki yake, akamweleza karani, akaambiwa arudi nyumbani, ofisa atapita. Alimweleza na Damaris, chupa na picha ya kichwa, yote.

"Kama ni rangi," Damaris akauliza, "huyo ofisa atasema ni rangi?"

"Atasema."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu. Na atamlazimisha alete maski."

Damaris akainuka, akabandika sufuria, akatwanga tangawizi.

Siku ya kuja ofisa ilijulikana gerejini kabla ya kujulikana kwa Maroa. Alifika akakuta gunia limeondolewa dirishani. Mtungi wa kuzimia moto, ulioazimwa kituo cha petroli, ulikuwa umesimama mlangoni. Na juu ya meza, ndani ya nailoni yake, ilikaa maski ya mpira yenye mikebe miwili, mpya, inanukia duka.

"Sasa umeona maski," Onyancha akasema. "Usiiguse."

Bwana Machuki, ofisa, alifika na pikapu yake mwenyewe, vumbi la njia ya Homa Bay limeipaka mpaka vioo. Rangi ya milango ilikuwa imebanduka vipandevipande. Alikuwa mtu mnene, mpole wa sauti. Alimsalimia kila mtu kwa mkono, isipokuwa Maroa, ambaye Onyancha alimwonyesha kwa kidevu.

"Wewe ndiye umelalamika?"

"Ndiyo, mkubwa. Ile rangi ya hadina inanifunga kifua. Inakuja kwa mkebe iko na picha ya maski, na mimi sipewi maski."

"Nimeona maski hapo mezani."

"Imekuja leo, mkubwa."

"Lakini iko," Machuki akasema kwa upole. "Si iko?"

Onyancha akakohoa kidogo. "Mkubwa, muulize maziwa anapewa ama hapewi."

"Unapewa maziwa?"

"Napewa."

"Unakunywa?"

Maroa akawaangalia wenzake. Walikuwa wamesimama mstari mmoja, mikono nyuma, kama wanafunzi. Machuki akamgeukia wa kwanza.

"Wewe, kijana. Huyu anakunywa maziwa?"

Elvis aliangalia viatu vyake. "Alikuwa anamwaga, sir."

"Unaona? Mwajiri amekupa kinga, umeimwaga. Mimi nitaandika nini hapo?" Akamsogelea, lakini si karibu sana, na sauti yake ikafika mpaka ng'ambo. "Na damu umeshapima? Maana siku hizi kifua si kifua tu. Una bibi? Mwambie naye apime."

Hakuna aliyecheka. Ng'ambo ya barabara Damaris alikuwa amesimama barazani kwa Sainab, mtoto mgongoni. Alikuwa ameambiwa ofisa amefika, akaja kusikia mwenyewe. Alivuta khanga akamfunika mtoto uso, akageuka, akaondoka upande wa sokoni, si upande wa nyumbani. Sainab alimwita mara moja. Hakugeuka.

"Chupa, mkubwa," Maroa akasema. "Uangalie tu ile chupa."

"Nitaangalia kila kitu. Ofisa lazima aone kazi inavyofanywa, si maneno." Machuki akageukia pikapu yake. "Onyancha, si ulisema leo kuna nafasi?"

"Nafasi iko, mkubwa. Tumekuwekea nyeupe, ile ya kung'aa."

Pikapu ikasukumwa ndani. Mafundi waliipiga msasa, wakaifunga vioo kwa magazeti, wote wakifanya kazi kwa bidii ya ajabu. Onyancha akalirudisha gunia dirishani kwa mkono wake. "Vumbi itaharibia mkubwa gari," alisema. Akaja na chupa ya brandi, akammiminia Maroa hadina kwenye kikombe cha bunduki, akamnong'oneza: "Ukikataa na hii, barabara ya Ntimaru unaijua."

Maroa akanyoosha mkono kuelekea mezani. Machuki alikuwa amewahi. Aliitoa maski kwenye nailoni, akaipindua, akaivuta mipira yake kama mtu anayejaribu kofia.

"Hii inafanya kazi kweli? Hebu nihakikishe."

Akaivaa. Onyancha akamfungia mshipi nyuma ya kichwa, taratibu, asimvute nywele. Ofisa akaingia bandani, akasimama pembeni, mikono juu ya tumbo.

"Mkubwa," Maroa akasema. "Na mimi?"

Mikebe miwili ikamgeukia. Kutoka ndani yake ilisikika pumzi tu, inaingia, inatoka, safi. Nje waya ukazungushwa mlangoni. Maroa akajifunga kipande cha fulana, akafungua hewa, na ukungu mweupe ukaanza kupanda kati yao mpaka ofisa akabaki macho na mkono mmoja. Mkono huo ulinyooka. Kidole kikaonyesha chini ya mlango wa dereva, mahali palipokuwa bado hapajafikiwa na rangi.