Mikia ya Pembe Nne

Mtaani walimwita Pimatena, maana hakuwahi kukata ubao kabla ya kuupima na kuupima tena. Alikuwa seremala, na maradhi yake hayakuwa ya haraka. Siku za mwisho, sauti imebaki nyembamba, alimshika mkewe mkono akamwambia, "Zile biti zangu za kutobolea usizipeleke chuma chakavu. Zitafutie mikono." Mkewe akasema ndiyo. Ulitaka aseme nini?

Kusema ndiyo ni rahisi. Miaka yote ya ndoa, karakana ile nyuma ya jiko yeye alikuwa anaishia mlangoni na kikombe cha chai. Halafu siku za msiba watu wenye nia njema, Mungu awasamehe, waliihamisha karakana nzima ili wapate pa kukaa, wakamwaga kila chenye ncha kwenye ndoo moja ya rangi. Mjane alipoifungua ndoo hiyo alikata tamaa papo hapo. Mlikuwa na biti zilizojisokota, moja ina mdomo kama kijiko, nyingine kichwa chake kimezungukwa na vijino. Hakuijua hata moja.

Akazipeleka duka la vifaa vya ujenzi. Mwenye duka akaigeuzageuza moja ya zile za kujisokota, akasema labda ni ya kufungulia chupa. Waliokuwepo wakacheka, naye akacheka kidogo kwa adabu. Akaenda kwa fundi wa milango. Huyu angalau alijua ni biti. "Lakini mama, hizi za zamani. Ona mkia wake, una pembe nne. Drili ya umeme inataka mkia wa mviringo. Hapa hazishikiki." Wa tatu hata salamu hakuimaliza.

Usiku mezani alimlalamikia kitindamimba wake, mwanamume mzima sasa, mchomeleaji wa vyuma. "Hakuna anayezitaka, baba. Eti mikia yake haiingii kwenye mashine zao." Kijana alikuwa anaitazama sahani ya mama yake, ambayo haikuwa imeguswa.

Asubuhi mjane akajikwaa kwenye gogo. Lilikuwa linazuia mlango wa jiko usijifunge, na aliyeliweka pale ni yeye mwenyewe, wakati wa msiba. Akaliinamia huku akilisonya, akaona matundu yamejaa juu yake, makubwa kwa madogo. Akakaa sakafuni palepale. Sasa alikumbuka. Biti yoyote iliyoingia nyumba ile, kabla ya kupewa kazi, ilitoboa kwanza tundu kwenye gogo lile, na tangu siku hiyo ililala humo. "Kila mmoja alale alipojichimbia," mumewe alikuwa akisema, naye akimjibu kwamba hayo ni maneno ya panya.

Akaleta ndoo. Akajaribu moja moja. Iliyochezacheza ndani ya tundu haikuwa mwenyeji, iliyogoma haikuwa mwenyeji. Mwenyeji aliteremka polepole akatulia. Mpaka jua linapanda zote zilikuwa zimesimama kwenye gogo, ncha chini na mikia juu, naye alikuwa amelia hadi kichwa kinamuuma. Akaifunga ile ya kijiko kwenye kitambaa, akatoka, gogo akaliacha juu ya meza ya karakana.

Muuza mbao ndiye aliyemwelekeza kwa Kipara, mtengeneza viti, ambaye ujanani alifanya kazi meza moja na marehemu. Kipara alifungua kitambaa akaipeleka ile biti kwenye mwanga.

"Shemeji," akasema, "hii ni ya kutobolea kiti pale mguu unapoingia. Nilidhani zimekwisha duniani."

Akaangua ukutani kekee, drili ya kuzungusha kwa mkono. Ule mkia wa pembe nne uliingia mdomoni mwa kekee ukabanwa sawasawa. Akaiegemea kwa kifua, akazungusha, na ubao ukatoa maganda mororo.

"Kuna nyingine?"

"Gogo zima."

"Basi jioni nakuja. Hii niachie. Zote nitazifanyisha kazi mpaka mikono hii igome."

Njiani mjane alisikia njaa, kitu ambacho alikuwa amekisahau. Akanunua mkate akaula akitembea.

Mlio wa grenda, ile mashine ya kusagia chuma, aliusikia tangu getini. Alipofika karakana, mwanawe alikuwa anaizima. Miwani ipo kwenye paji la uso, uso mweusi kwa vumbi la chuma, na anacheka. Tangu mazishi hakuwa amecheka.

"Mama, nimeomba ruhusa kazini. Nimezisaga mikia zote, sasa zitaingia kwenye mashine yoyote."

Zilikuwa zimepangwa mezani, mikia ya mviringo inang'aa, na shingo zimegeuka buluu kwa moto. Mama alishika ukingo wa meza. Maneno yalikuwa yake mwenyewe, ya mezani usiku ule. Alitaka kupiga yowe.

"Asante, baba," akasema.

Kipara alifika na kekee yake. Akachukua biti, akaipachika, akazungusha. Kekee ikazunguka, biti ikasimama tu, haina tena pembe za kushikwa. Akajaribu ya pili, yaleyale.

"Si kwa hiyo, mzee," kijana akasema, akaifunga kwenye drili ya umeme. Iliingia ubaoni upana wa kidole, kisha shingo ikajikunja kama waya. Chuma kilikuwa kimeungua kwa grenda, kikalegea. Akachukua nyingine, nayo ikajikunja. Akaiweka drili chini taratibu.

"Mama, nimefanya nini?"

Kipara akafungua mdomo. Mjane akamkanyaga mguu.

"Zilikuwa zimechoka zamani," akasema. "Au siyo, shemeji?"

Kipara alimtazama, akamtazama na kijana. "Zilichoka," akasema. Akaaga, na ile ya kijiko akataka kuirudisha, mjane akaikataa.

Alipobaki peke yake alilivuta gogo. Alimwahidi mtu anayekufa, na ahadi imemfia mikononi, na wa kumlaumu hana. Akazirudisha biti moja moja, hata zile zilizokunjika. Ncha hazikuwa zimeguswa. Kila moja iliteremka polepole ikatulia, kama haijapatwa na jambo lolote.

"Zinaingia, mama?" kijana akauliza kutoka mlangoni.

"Zinaingia," akasema. "Zote zinalala vizuri."